Kiganja Kwenye Mlango wa Tanuri

Watu wakisikia kwamba mimi hukereza diski za breki, kwanza huniambia hiyo ni kazi ya wanaume, kisha huniletea magari yao niyasikilize. Hilo nimelizoea. Nisichokizoea ni saa nane na dakika kumi mchana. Mpaka leo, mshale wa saa ya ukutani ukikaribia hapo, nazima mashine, natia mikono mfukoni na kusubiri ipite. Mafundi wengine hawanicheki. Nao pia huzima zao.

Kiwanda chetu ni kidogo: ua mmoja, paa la mabati, matanuri mawili. Moja ni la kuyeyushia chuma, la pili ni la kulazia diski zikishasubiwa. Hilo la pili lilikuwa mikononi mwa baba mkwe wangu. Mafundi walimwita Mzee Taratibu, na ukimwona akikoroga chai hungeuliza kwa nini.

Kazi ya tanuri la kulazia ni hii. Chuma cha kusubu kikimiminwa kwenye kalibu hakipoi sawasawa. Penye wembamba hupoa kwanza na kukaza. Penye unene huchelewa, na panapokuja kupoa na kujikunja, panamkuta mwenzake amekwisha kukaza, basi wanabaki kuvutana. Kwa macho huoni kitu. Ukiipima diski iko sawa, ukiipiga rangi inapendeza, na kumbe ndani kuna ugomvi usiolala. Baba aliita hali hiyo kinyongo. "Hii bado ina kinyongo," angesema, akiigeuza diski mkononi kana kwamba imemwambia mwenyewe.

Dawa yake ni kuipasha moto upya, nyuzi mia sita hivi, kuiacha humo saa kadhaa ilegee, kisha kuzima moto na kuiacha ipoe humo humo, mlango umefungwa, mpaka kesho yake. Kungoja huko ndiko kazi yenyewe. Ukifungua mapema, upepo unaipiga nje na ndani bado kuna moto, na kinyongo kinarudi, pengine kuliko cha mwanzo. Mimi nilikuwa naelewa haya yote. Sikuwa mjinga, nilikuwa mtu wa haraka tu.

Kipimajoto cha tanuri kilikufa miaka miwili kabla ya haya ninayosimulia. Bosi wetu, ambaye hawezi kuomba hata maji bila kusema chapchap, alisema kitatengenezwa chapchap. Kwa hiyo tulitumia kiganja cha Baba. Alikaa kwenye kigoda mbele ya mlango wa tanuri, na kila baada ya muda aliugusa. Akigusa na kuondoa mkono, bado. Akiweka kiganja kizima na kukiacha, tayari. Hapo mmoja wetu alizunguka nyuma na kuvuta mnyororo, maana toroli la diski lilitokea mlango wa nyuma, upande wa uani. Baba hakuwa mtu wa kuita. Tuliutazama mkono, basi. Niliutazama kwa miaka kumi na mmoja na haukuwahi kukosea.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Moto ulizimwa alfajiri, kwa hiyo diski zilipaswa kutoka Alhamisi. Bosi alikuwa ameshinda akipiga kelele kwamba mteja anangoja, na Baba alikuwa amemjibu kwa kukoroga chai. Nilirudi kutoka kula saa nane na dakika kumi, ndivyo saa ya ukutani ilivyosema. Baba alikuwa kwenye kigoda chake, amenipa mgongo, bega limeegemea ukuta, kofia imemshukia usoni. Kiganja kizima kilikuwa mlangoni.

Nikasimama nikakitazama. Nikahesabu moja mpaka kumi, kama desturi yetu. Hakukiondoa.

"Ehee," nikasema moyoni, "kumbe hata Mzee Taratibu huzidiwa." Nikamwambia kwa sauti, "Nimeona, Baba. Leo umetufanyia hisani." Hakujibu, na kutojibu kwake hakukuwa jambo geni.

Nilipovuta mnyororo joto lilinipiga uso mpaka nyusi zikanuka. Hapo nilijua. Nasema hivyo kwa sababu nimechoka kusema vinginevyo: ngozi yangu ilijua. Lakini mkono ulikuwa umesharuhusu, mashine yangu ilikuwa inanisubiri, na jambo ukilitaka hukosi sababu. Nikalivuta toroli mpaka katikati ya ua. Mvua ilikuwa imetoka kukatika na kulikuwa na upepo. Diski kumi na mbili zikaanza kulia, tik, tik, tik, kama kucha zinazogonga sahani.

Nikarudi mbele. "Baba, hebu njoo uone, zimetoka na moto hizi." Nikamgusa bega na kofia ikaanguka.

Mwili ulilala upande, lakini kiganja kilibaki mlangoni. Nilikibandua mimi, kwa vidole vyangu viwili, na ndipo nikapiga ukelele.

Watu walipokuja niliwaambia nimemkuta ameanguka. Bosi alipouliza kuhusu diski, nilisema Baba ndiye aliyeniambia nifungue. Nilijiambia kwamba huo si uongo mtupu. Si mkono ulikuwa umesema? Daktari alisema ni kiharusi. Mume wangu, mwanawe wa pekee, ndiye aliyemwosha. Alirudi ndani akakaa ukingoni mwa kitanda, akawa anakitazama kiganja chake cha kulia kwa muda mrefu, anakigeuza, anakitazama tena. Mke mwingine angemuuliza kuna nini. Mimi nilikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimekwisha kuoshwa.

Mlangoni ilibaki alama: vidole vitano na kiganja, vyeusi. Bosi aliamuru ipakwe rangi. Baada ya tanuri kuwaka mara moja, alama ikatokeza juu ya rangi. Akaamuru tena, ikatokeza tena. Mara ya tatu hakuamuru.

Msiba ulipopoa nilizikereza zile diski. Nilitegemea zinizomee mashineni, zicheze, zipinde, ili nizitupe na mambo yaishe. Wapi! Mshale wa geji haukutikisika. Nilizitundika kwa waya nikazigonga na nyundo ya mbao, moja moja, na zote zililia safi. Bosi alifurahi. "Unaona? Siku hiyo hiyo, chapchap! Miaka yote hii tulikuwa tunalala sisi, si chuma." Mteja alikuwa amekwenda kwingine, kwa hiyo tukazitundika kwenye bomba ukutani, kwa mpango wa namba ambazo Baba alikuwa amezigonga kwa mkono wake: moja mpaka kumi na mbili.

Kisha mume wangu akaja kiwandani. Anaendesha gari la watoto wa shule, lile dogo la watu ishirini na kitu, na shule yenyewe iko juu ya kilima. Breki za mbele zilikuwa zimekwisha.

"Nataka zile za mwisho," akaniambia. "Za mwisho alizolaza Baba. Niwe nazo kila siku."

Mnione nilivyosimama pale. Ningesema hapana, angeuliza kwa nini. Nikamchagulia mbili zilizonyooka kuliko zote, namba saba na namba nane, nikampa, akazifuta kwa shati lake.

Wiki tatu hazikuwa na neno. Halafu, Alhamisi moja, nikiwa nakereza kitu kingine kabisa, nikasikia nyuma yangu mlio mmoja mwembamba, kama wa diski ninapoigonga kwa nyundo. Niligeuka. Hapakuwa na mtu. Kwenye bomba, namba moja ilikuwa ikitikisika kwenye waya yake, na ufa mwembamba kama unywele ulikuwa umetoka kitovuni mpaka ukingoni. Nikatazama saa. Saa nane na dakika kumi.

Ijumaa, saa hiyo hiyo, namba mbili. Jumamosi nilisimama mbele yake nikiikodolea macho, na namba tatu ikalia ikapasuka bila kuguswa, pua yangu iko umbali wa mkono mmoja. Nilisikia upepo mdogo wa moto ukinipita shavuni. Jumapili hatufanyi kazi. Jumatatu asubuhi niliikuta namba nne na ufa wake. Mchana ikawa tano.

Bosi alisema ni chuma kibovu. Alisema hivyo akiwa amesimama mlangoni, na hakuingia ndani.

Unaweza kuhesabu, na mimi niliweza. Jumanne ilikuwa ya sita. Jumatano ilikuwa ya saba, na ya saba haikuwa ukutani. Ilikuwa chini ya watoto ishirini na wawili na mume wangu, na saa nane na dakika kumi ndiyo saa anayoteremka nao kilima.

Jumanne jioni nilimwekea maji ya kuoga, nikamwekea chakula, nikawa mpole mpaka akashtuka.

"Umevunja nini?" akauliza.

"Sijavunja kitu. Niletee zile diski, nizipitishe tena mashineni."

"Za nini? Breki haijawahi kushika hivi, mama. Nikigusa tu, gari linatii. Kama Baba yuko huko chini ameyashika magurudumu kwa mikono yake."

"Basi kesho usiende."

"Na watoto nimwachie nani, wewe? Utawabeba mgongoni?" Akacheka, akanipiga begani kidogo, akaenda kuoga. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Mlango wa bafu haufungiki vizuri, ningeweza kusema hata bila kumtazama. Nilichofanya ni kuuficha ufunguo wa gari kwenye kopo la sukari. Asubuhi alitoa ule wa akiba, akamlaumu mtoto wetu mdogo, akaondoka akipiga mluzi.

Siku ile sikukereza kitu. Nilikuwa nimekaa nikiitazama saa, na namba sita ikining'inia na ufa wake, na pembeni yake waya mbili tupu. Waya ya kwanza ilikuwa imeanza kutikisika. Hakuna upepo, madirisha yamefungwa, na waya tupu inatikisika. Saa nane na dakika tatu nikampigia.

"Mbona unapiga saa za kazi?" Nyuma yake watoto walikuwa wanaimba.

"Uko wapi?"

"Ndiyo tunatoka getini."

"Usiteremke. Mdogo anaumwa."

"Anaumwa? Basi naja mbio!" Nikasikia anabadilisha gia.

"Usije mbio! Haumwi, nimekudanganya. Simamisha gari."

"Wewe leo umekula nini?" Watoto waliosikia wakacheka. Gari lilikuwa linakwenda. Nilisikia injini ikipungua sauti, kama inavyofanya barabara inapoanza kuinama.

"Diski zako zina kinyongo," nikasema.

Lile lilikuwa neno la baba yake. Hakucheka tena. "Nani kasema?"

"Mimi. Baba hakuniambia nifungue tanuri. Nilimkuta amekaa, mkono uko mlangoni, nikadhani ametoa ruhusa. Nikafungua. Zimetoka na moto. Nilipokwenda kumwamsha ndipo nikaona amekufa. Nikakaa kimya. Sasa zinapasuka moja moja, kwa namba zake, kila siku saa nane na dakika kumi. Leo ni ya saba. Ya saba unayo wewe. Nakuomba, mume wangu, usizikanyage hizo breki, vuta ya mkono."

Nilisikia injini ikinguruma kwa gia ndogo, kisha breki ya mkono ikivutwa, krrr, kisha kimya. Halafu sauti yake, ya upole kabisa, si kwangu: "Watoto, tushuke. Wakubwa washikeni wadogo mikono. Tukae kule ng'ambo, mbali na gari. Polepole."

Simu haikukatwa. Mimi nilikuwa natazama saa yangu ya ukutani, naye nadhani alikuwa anatazama yake. Nilimsikia akipumua. Watoto walikuwa wameacha kuimba. Dakika ya nane, dakika ya tisa. Mbele yangu ile waya tupu ikatulia, yenyewe, kama kitu kilichoshikwa.

Mlio ulikuja kwenye simu, mwembamba, mmoja.

"Nimesikia," akasema.

"Gari limesimama?"

"Limesimama. Hakuna aliyeligusa." Nilianza kulia, nikamwambia pole, nikamwambia nisamehe, nikamwambia alikuwa amekwisha kufa, sikujua, alikuwa amekwisha kufa.

"Mimi ndiye niliyemwosha," akasema.

"Najua."

"Kile kiganja kilikuwa na malengelenge. Yamejaa maji."

Sikuelewa anakokwenda. Nikasema, "Ndiyo, mlango ulikuwa wa moto."

"Maiti haitoki malengelenge, mama watoto." Akakata simu.

Nilibaki na simu sikioni. Nililetewa maji, sikuyanywa. Nilikuwa narudi palepale, mlangoni mwa karakana, nimetoka kula, namtazama mzee aliyenipa mgongo. Moja mpaka kumi, nilihesabu. Kumi nzima. Kigoda kilikuwa hatua nne kutoka niliposimama, na ndani ya hizo kumi ningeweza kwenda mbele yake na kurudi. Ningeiinua ile kofia. Pengine angekuwa amekwisha kufa kweli, pengine malengelenge yalitoka kabla sijaingia. Pengine jicho lake lilikuwa wazi na linanisikia nikimwambia ametufanyia hisani. Sijui, na hakuna wa kuniambia. Nilimtazama mkono, sikumtazama uso.

Kesho yake mume wangu alikuja kiwandani na gunia begani. Hakunisalimu. Alitoa namba nane, akaitundika kwenye waya yake, akavuta benchi na kukaa mbele yake, magoti yakikaribia kuigusa. Alikaa hapo tangu saa nne. Bosi alichungulia, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema chapchap. Saa nane na dakika kumi namba nane ikalia. Mume wangu hakushtuka hata kidogo. Alisimama, akaangua namba tisa, kumi, kumi na moja na kumi na mbili, akazipanga kwenye toroli.

"Washa," akasema.

Tukawasha. Zikalala humo mpaka alfajiri ya Ijumaa, tukazima moto, tukafunga mlango. Mafundi walitafuta kila mmoja kazi yake ya nje. Nikavaa kofia ya kazi, nikakaa mimi kwenye kigoda, karibu na ile alama nyeusi ya vidole vitano. Ilikuwa zamu ya namba tisa siku hiyo. Saa nane na dakika kumi nilibandika sikio kwenye ukuta wa tanuri mpaka likaungua. Ndani palikuwa kimya. Nikasubiri dakika nyingine ishirini, kisha nikaweka mkono mlangoni na kuuondoa. Bado.

Jioni, bado. Nilikaa. Nyumbani mume wangu alikuwa amehamia chumba cha watoto, na chakula aliniachia mlangoni kama mgonjwa, kwa hiyo sikuwa na pa kuwahi. Hajasema kwamba amenisamehe, na mimi sijamuuliza, kwa kuwa najifunza kungoja uzeeni.

Jumamosi mchana niliweka tena mkono, juu ya ile alama, kidole juu ya kidole. Mlango ulikuwa baridi. Nikauacha. Nilijua yuko nyuma yangu, mlangoni mwa karakana, pale niliposimama mimi siku ile, akinitazama mgongo; nilisikia viatu vyake vikienda kuelekea mnyororo. Nilifumba macho nikahesabu pamoja naye. Moja, mbili, tatu.

Viatu vikasimama. Vikarudi. Vikazunguka mbele yangu, na magoti yake yakalia alipochuchumaa, na mkono ukaiinua kofia usoni mwangu.

"Uko hai?" akauliza.

"Niko."

Alinitazama kwa muda, macho kwa macho, kisha akakaa chini sakafuni, akaegemea ukuta.

"Basi tungoje kidogo," akasema.